Wanaoitamani WordStar: Hamu ya Kale katika Uandishi kwa Tarakilishi

Wahenga walinena kuwa ya kale hayapo. Mwezi wa Mei mwaka 2014, mwandishi Mmarekani George R. R. Martin aliipinga methali hii pasi na kuijua. Alipohojiwa na Conan O'Brien katika runinga, alifichua kwamba riwaya zake huziandika kwa WordStar 4.0, programu iliyotolewa mwaka 1987, katika tarakilishi inayoendeshwa na DOS na isiyounganishwa na intaneti. Ya baruapepe na kodi alikuwa nayo nyingine. Watu walicheka, nasi tuliokuja kuyatazama mahojiano hayo baadaye tulicheka vilevile.

Makala haya yanadhamiria kufafanua hamu hiyo ya kale: chimbuko lake ni lipi na inamhusu vipi mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili. Nikiri mapema kwamba nilizaliwa wakati WordStar ilikuwa imekwisha kupitwa. Hamu yangu basi ni ya kurithi, kama ya mjukuu anayelilia mji aliosimuliwa tu.

WordStar ilitungwa mwishoni mwa miaka ya sabini na Rob Barnaby, mtaalamu wa kampuni ya MicroPro International iliyoasisiwa na Seymour Rubinstein huko California. Wakati huo kibodi nyingi hazikuwa na vitufe vya mishale. Barnaby alikitumia kitufe cha Control pamoja na herufi za kawaida: E ilikipandisha kielekezi, X ilikishusha, S ilikipeleka kushoto na D kulia. Msomaji akiitazama kibodi yake sasa hivi ataona kuwa herufi hizo nne zimekaa kwa umbo la almasi chini ya mkono wa kushoto. A na F, zilizo kandokando, ziliruka neno zima. Kwa hivyo vidole havikuondoka mahali pake pa kupigia chapa, wala jicho halikuondoka kwenye matini. Aliyekwisha kuzoea aliandika kana kwamba hakuna mashine baina yake na sentensi.

Mwandishi wa Kanada, Robert J. Sawyer, ambaye ameitetea programu hii kwa miaka mingi, ana hoja ninayoiona kuwa nzito kuliko zote. Anashikilia kwamba programu nyingine ziliiga taipureta, ilhali WordStar iliiga karatasi na kalamu. Mathalani, mwandishi aliweza kutia alama mwanzo na mwisho wa aya, akaiacha na alama zake, akaenda ukurasa mwingine kurekebisha jambo, kisha akakumbuka kuihamisha ile aya pale alipo. Katika programu nyingi za leo, ukibofya pengine tu uteuzi wako umetoweka. Huko ndiko kutunga kulivyo: hatutungi kwa mstari mnyoofu, tunarudi nyuma na kuruka mbele. Agosti 2024, Sawyer alikusanya toleo la mwisho la DOS, WordStar 7.0 la mwaka 1992, pamoja na miongozo yake, akalitoa bure kwa yeyote anayelitaka.

Lalamiko la Martin lilikuwa tofauti. Alichukizwa na programu zinazojifanya kujua zaidi ya mwandishi, zikigeuza herufi ndogo kuwa kubwa na kuyakosoa majina aliyoyabuni mwenyewe. Hapa msomaji wa jarida hili hahitaji maelezo marefu. Ni nani kati yetu hajaandika insha ya Kiswahili sanifu akaona kila neno limepigiwa mstari mwekundu, kana kwamba lugha nzima ni kosa la tahajia? Anachokipata Martin kwa majina ya kubuni, sisi tumekipata kwa lugha ya mamilioni ya watu.

Hata hivyo, wapenzi wa WordStar husahau jambo moja, nalo ndilo lililonifanya niandike. Mwaka jana mhadhiri mmoja mstaafu alinikabidhi diski tepetevu nane. Ndani yake, alisema, mlikuwa na ngano alizozikusanya kwa ajili ya tasnifu yake na kuzipiga chapa kwa WordStar. Kanda alizonasia sauti zilikwisha kuharibika, na waliomsimulia wamefariki. Nilinunua kifaa cha kusomea diski hizo. Tano hazikusomeka kabisa. Tatu zilifunguka, na ngano ya kwanza ikaanza hivi: "Hapï zamané zá kalå."

Nilidhani faili limeoza. Kumbe sivyo. Katika mfumo wa herufi wa wakati ule, kila herufi ilihitaji biti 7, ilhali baiti ina biti 8. Matoleo ya mwanzo ya WordStar yaliitumia ile biti ya nane iliyobaki kuwa alama: iliwashwa kwenye herufi ya mwisho ya neno ili programu ijue namna ya kuyapanga maneno katika mstari. Ndani ya WordStar alama hiyo haikuonekana. Nje yake, thamani ya herufi imeongezeka kwa 128, na programu nyingine huisoma kuwa herufi ya kigeni. Kwa kuwa maneno ya Kiswahili aghalabu huishia kwa irabu, karibu madhara yote yaliziangukia irabu zetu tano: a ikawa á, e ikawa å, i ikawa é, o ikawa ï, u ikawa õ. (Mwanafonolojia atalifurahia jambo hili, mimi wakati ule sikulifurahia.) Dawa yake ni nyepesi: kila herufi yenye thamani inayozidi 127 hupunguziwa 128. Rafiki yangu wa idara ya sayansi ya tarakilishi aliandika programu ya mistari michache, na jioni hiyohiyo tukasoma ngano kumi na moja.

Zile diski tano hazina dawa ya aina hiyo, maana kilichopotea si alama bali sumaku yenyewe. Mhadhiri wangu anakumbuka baadhi ya ngano zilizokuwamo, si zote, na si kwa maneno ya wasimulizi. Kila Jumamosi huenda kwake nikamsikiliza na kuandika ninachoambiwa, kwa kalamu, katika daftari.