Gari ya zamani inakosakosa moto: tafuta silinda mbele ya kununua buji

Gari ya esanse iko inatetemeka ikisimama, na kwenye mlima inakosa nguvu? Mara nyingi silinda moja haiwaki. Wengi wananunua buji nne mpya; pesa inaisha, gari inabaki vile vile.

Zima moteri, chomoa waya wa buji moja, washa tena kidogo tu. Sauti ikizidi kuharibika, silinda ile ilikuwa nzima. Isipobadilika, mgonjwa njo huyo. Usiguse waya moteri ikizunguka: umeme wake unapiga sana.

Kisha badilisha buji yake na ya silinda ya jirani. Ubovu ukihama, buji imekufa. Usipohama, fanya vile vile na waya. Bado? Angalia kama kifuniko cha delko kimepasuka, halafu fundi apime kompresio.

Buji ikilowa oili, segma zinaweza kuwa zimechoka. Silinda zote zikikosa, fikiria esanse ya chupa za barabarani: huenda ina maji.

Usipakie watu kupanda mlima mbele ya kutengeneza. Moteri ikizima katikati, breki yenye kusaidiwa nayo inakuwa ngumu.