Kwa nini palu inajificha mbele ya mikroskopi

Kwenye vituo vya afya vya Kasongo na Kabambare, mtoto akifika na homa, mara mingi kazi inaanza na tone la damu ya kidole. Kama ni kwa mikroskopi, mpimaji wa laboratwari anatia rangi, anaangalia, anahesabu vijidudu vya palu. Lakini kuna siku anaona vichache tu, na mtoto tayari amezidiwa. Mama anauliza: laboratwari imekosea?

Si lazima. Vijidudu vya Plasmodium falciparum, ile palu inayoua, vikikomaa havizunguki tena na damu. Chembe nyekundu iliyovibeba inaota vinundu juu ya ngozi yake, na kwa vinundu hivyo inanata ndani ya mishipa midogo, hata ya ubongo. Damu ya kidole haivileti.

Vinundu hivyo mikroskopi ya kawaida haiwezi kuvionyesha, hata iwe ya bei gani. Vitu viwili vikikaribiana chini ya nanometa 200 hivi, mwanga unavionyesha kama kimoja. Nanometa 1 ni milimeta iliyokatwa mara milioni. Kinundu kina upana wa karibu 100 tu.

Mwaka 1986 Gerd Binnig, Calvin Quate na Christoph Gerber walitoa mashine ya namna ingine. Hiyo haiangalii, inapapasa, sawa vile kipofu na fimbo yake. Sindano ndogo sana, kwenye ncha ya kibao chembamba, inapita juu ya chembe mstari kwa mstari. Ikipanda kinundu, kibao kinapinda, na mwanga wa leza unaopiga mgongoni mwake unasogea. Kompyuta inachora milima na mabonde. Inafanya kazi hata ndani ya maji, chembe ikiwa hai.

Shida ni kwamba sindano haijui imegusa nini. Ndiyo maana watafiti wanaiweka juu ya mikroskopi ya mwanga. Kwa chini, rangi inayong'aa inashika kiini cha kijidudu. Chembe nyekundu ya mtu haina kiini, basi kinachong'aa ni mgeni. Kwa juu, sindano inapima ngozi ya chembe ileile. Inaonekana kijidudu kikikomaa, vinundu vinaongezeka na chembe inakuwa ngumu.

Mashine hiyo ni ya watafiti, si ya kituo cha afya. Kwa mzazi wa hapa, inabaki hivi: mtoto akipata degedege, akikosa kuamka vizuri ao kushindwa kunyonya, arudishwe kwa munganga saa hiyohiyo, hata kama karatasi ya laboratwari inasema vijidudu ni vichache.