Gharama za Kununua Nyumba Kalima: Kutoka Karatasi ya Mtaa hadi Cheti cha Kindu

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mtu anayenunua nyumba hanunui ardhi iliyo chini yake, kwa kuwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973 kuhusu mali na ardhi, iliyorekebishwa mwaka 1980, inaitamka ardhi kuwa mali ya Dola peke yake, isiyoweza kuuzwa wala kupotea kwa kupita kwa muda. Kinachohama kutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi ni jengo pamoja na haki ya kukitumia kiwanja, haki ambayo Dola huitoa kwa namna ya konsesioni: ya kudumu kwa mtu binafsi aliye raia wa Kongo, au ya kawaida, yenye muda maalumu, kwa kampuni na wageni. Ada nyingi zinazomkabili mnunuzi zina chimbuko lake hapo, maana baada ya kumlipa muuzaji bei ya nyumba, analazimika pia kuilipa Dola ili imtambue yeye badala ya yule aliyetangulia.

Utambuzi huo una karatasi moja tu, nayo ni cheti cha usajili, kinachotolewa na ofisa wa hati za mali zisizohamishika anayejulikana kama konservateri. Kifungu cha 219 cha sheria hiyo kinasema kwamba haki ya kutumia kiwanja huthibitishwa kisheria na cheti hicho pekee, nacho kifungu cha 227 kinakipa nguvu ya ushahidi kamili, kiasi kwamba baada ya miaka miwili tangu kitolewe, anayedai kudhulumiwa kwa kawaida hubaki na njia ya kudai fidia bila kuweza kukipindua cheti chenyewe. Mfumo huu una asili yake katika kazi ya Robert Torrens, aliyeuanzisha Australia Kusini mwaka 1858 ili umaliki utegemee daftari la serikali badala ya mrundikano wa mikataba ya kale. Kwa mkazi wa Kalima, daftari hilo liko Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema, na gharama ya safari, ya kulala huko na ya kurudi tena kwa sababu hati moja imekosekana ni sehemu halisi ya bei ya nyumba, ingawa haiandikwi katika orodha yoyote ya ada.

Historia ya Kalima inalifanya suala hili kuwa gumu zaidi. Mji huu wa wilaya ya Pangi ulikua kutokana na kasiteriti, yaani madini ya bati, chini ya kampuni ya Symétain iliyoundwa mwaka 1932, kisha Sominki iliyozikusanya kampuni za madini za Kivu na Maniema mwaka 1976, na baadaye Sakima. Nyumba nyingi zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi na wakubwa wa kampuni, na nyumba iliyotolewa kwa mfanyakazi ili akae haikuwa kwa sababu hiyo mali yake ya kuuza, hata kama familia yake imeishi humo kwa vizazi viwili. Mnunuzi wa nyumba ya namna hiyo hana budi kuuliza kwanza kama kampuni iliwahi kumkabidhi mkaaji haki yake kwa maandishi, kwa sababu anayeuza mali akijua kwamba si yake anatenda kosa la jinai linaloitwa stelionati, na kufungwa kwa muuzaji hakumpi mnunuzi nyumba.

Viwanja vingine vina fishi ya parseli, yaani karatasi ya maelezo ya kiwanja, au hati ya mauzo iliyotiwa saini mbele ya shefu wa mtaa na mashahidi. Karatasi hizo si za kudharauliwa, maana huonyesha nani alikaa wapi na tangu lini, na ndizo zinazotumika kuanzisha faili. Hata hivyo, haki inakuwa haijakamilika hadi cheti kipatikane, na hapo ndipo wengi hukosea hesabu: wanalinganisha nyumba mbili kwa bei peke yake, ilhali ile ya bei nafuu yenye karatasi hizo tu inadai kupimwa kiwanja na kuwekewa mipaka na watu wa kadasta, kukaguliwa kama imeendelezwa, kufungiwa mkataba na Dola na hatimaye kuandikishwa, wakati ile yenye cheti inadai kuhamishwa jina tu.

Uhamisho wenyewe huhitaji hati ya mauzo iliyothibitishwa rasmi, kwa sababu konservateri haruhusiwi kubadili jina kwa kutegemea makubaliano ya faragha. Baada ya hapo hufuata tathmini ya thamani ya jengo, kisha ada ya uwiano, yaani asilimia ya thamani hiyo, pamoja na ada ndogondogo za hati. Baadhi ya watu huandika bei ya chini katika mkataba ili wapunguze ada, ujanja usio na faida kubwa, kwa kuwa tathmini inaweza kuupita mkataba, na mauzo yakija kubatilishwa mahakamani, mnunuzi atajikuta akidai kurudishiwa kile kiasi kidogo kilichoandikwa.

Jambo linalomlinda mlipaji kuliko yote ni kujua njia ya fedha za Dola. Idara ya ardhi hukadiria kiasi kinachodaiwa, lakini si kazi yake kukipokea. DGRAD, ambayo ni idara kuu ya mapato yasiyo ya kodi, huandika hati ya kudai malipo, ile iitwayo kwa Kifaransa note de perception, na mlipaji huipeleka benki na kurudi na uthibitisho wa malipo. Fedha yoyote iliyotolewa mkononi ofisini bila hati hiyo, iwe imeitwa ada ya faili au mafuta ya pikipiki ya mpimaji, kwa macho ya sheria haikulipwa. Huenda ikaharakisha kazi, na ukweli huo hauna haja ya kufichwa, lakini haitaonekana katika faili siku ya mgogoro.

Kando ya Dola wapo wakili na komisioneri, yaani dalali, ambao malipo yao hutegemea mapatano na yafaa yaandikwe mapema. Kanuni ya mikataba, iliyotungwa tangu mwaka 1888, inamtwika mnunuzi gharama za hati za mauzo, isipokuwa pande mbili zikikubaliana vingine. Wakili mzuri pia atadai saini ya mume na ya mke, kwa kuwa Kanuni ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka ridhaa ya wote wawili katika kuhamisha konsesioni, bila kujali utaratibu wao wa mali. Na kama muuzaji amerithi, atadai pia uthibitisho kwamba warithi wenzake wameafiki.

Cheti kikishapatikana, kodi ya majengo na viwanja hulipwa kila mwaka kwa jimbo, kwa msingi wa ordonansi-sheria ya tarehe 10 Februari 1969, kulingana na aina ya jengo na daraja la mahali lilipo, na muuzaji anapaswa kuonyesha risiti za miaka iliyopita kabla ya kupokea bei. Aliyenunua ili apangishe ana kodi nyingine juu ya pango, ambayo kwa miaka mingi kiwango chake kimekuwa asilimia 22: mpangaji huzuia 20 kutoka katika pango na kuzipeleka kwa mamlaka ya kodi, na mwenye nyumba hukamilisha 2 zilizobaki. Kwa hiyo, nyumba yenye wapangaji ndani yake inunuliwe pamoja na mikataba yao ya upangaji na risiti za kodi walizozuia.