Dumu la Maji: Kwa Nini Jipya Hubonyea na Kuukuu Hupasuka

Dumu jipya likianguka hubonyea tu. Lile lililokaa juani miaka mingi hupasuka, na maji yakamwagika yote. Plastiki ni ile ile, polithini. Basi tofauti iko wapi?

Kata ukanda mwembamba wa polithini, hasa ile inayochakacha ukiibinya, uuvute polepole. Mwanzo utakaza. Kisha mahali pamoja patakonda kama shingo, na shingo hiyo itazidi kurefuka. Ukiuachia, ukanda haurudi urefu wake wa kwanza.

Polithini ni minyororo mirefu ya atomu za kaboni, maelfu katika mnyororo mmoja. Inapopoa kiwandani, sehemu ya minyororo hujikunja mbele na nyuma, kama kamba iliyokunjwa na baharia hodari, ikafanya vibamba vya fuwele. Unene wa kibamba ni kama sehemu moja ya 100,000 ya milimita. Minyororo mingine hubaki imevurugika katikati ya vibamba, kama uzi uliochezewa na mtoto. Lakini katika mvurugo huo imo minyororo iliyoshikwa huku na kibamba kimoja, na huku na kibamba jirani. Tuiite viungo.

Unapovuta, mvurugo hunyooka kwanza. Kisha vibamba huteleza na kuvunjika vipande vipande, na minyororo hujikunjua ikielekea upande unaovuta. Hapo ndipo shingo inapozaliwa. Viungo ndivyo vinavyopeleka nguvu toka kibamba hata kibamba. Pasipo viungo, vibamba vingeachana tu.

Umbo la mnyororo nalo lina neno. Polithini iliyogunduliwa Uingereza mwaka 1933 ina minyororo yenye matawi mengi, hivyo haijipangi vizuri, nayo ni laini. Ile ya Karl Ziegler wa Ujerumani, ya mwaka 1953, minyororo yake karibu imenyooka. Fuwele zake ni nyingi, nayo ni ngumu. Madumu hufanywa kwa aina hii.

Sasa jua. Watu husema plastiki “imekauka.” Sivyo. Mwanga wa jua pamoja na hewa hukata minyororo, na mnyororo mfupi haufiki vibamba viwili. Viungo vikipungua, dumu haliwezi tena kuvutika, hupasuka. Kwa sababu hiyo mabomba meusi ya maji hutiwa masizi, kama sehemu 2 katika 100, ili yazuie mwanga.

Dumu lako la njano halina kinga kama hiyo. Liweke kivulini, na ukiona nyufa ndogondogo karibu na mshikio, usimtwike mtoto.