Kidonge cha Alfajiri na Wasiwasi Uliotushinda Kuuelewa

Kwa karibu mwaka mzima nyumbani kwetu kulikuwa na mgonjwa mmoja na magonjwa manne, kwani kila aliyekuja kumjulia hali aliondoka akiwa ameupa ugonjwa ule jina lake. Jirani alisema ni kijicho. Shangazi alisema ni vidonda vya tumbo. Mgeni mmoja, aliyemkuta akitetemeka hata chai ikamwagika kikombeni, alitunong’oneza mlangoni kwamba huyu amepandwa na kitu. Mama mdogo, ambaye ndiye mgonjwa mwenyewe, alikuwa akisema jambo moja tu: ni zile dawa za shingo. Na sisi tuliokuwa karibu naye tulimwona kama mtu anayetafuta kisingizio cha kuacha kumeza.

Haya tunayaandika kwa idhini yake. Ametuambia kuwa huenda katika nyumba nyingine yupo mwanamke anayesukumwa kutoka kwa tabibu hadi kwa mganga kwa jambo ambalo lingeweza kuulizwa kwa swali moja.

Mama mdogo alikuwa na rovu kwa zaidi ya miaka kumi. Lilipoanza kumbana koo alipolala chali, alifanyiwa upasuaji na tezi yote ikaondolewa. Tezi hiyo, ambayo madaktari huiita thairoidi, ina umbo la kipepeo na imelala mbele ya shingo chini ya koromeo. Kazi yake ni kutoa homoni inayoupa mwili wote mwendo wake: kasi ya moyo, joto la ngozi, mwenendo wa tumbo, usingizi, hata wepesi wa fikra. Aliyeondolewa tezi yote hana pa kuipata homoni hiyo ila katika kidonge, naye atakimeza maisha yake yote. Kidonge chenyewe huitwa levothiroksini, na kipimo chake ni kidogo mno. Mikrogramu 100 ni sehemu ya kumi tu ya miligramu moja. Kwa udogo huo, kinachopotea njiani kabla ya kufika kwenye damu huonekana upesi katika mwili.

Alipotoka hospitali alipewa bahasha mbili. Moja ilikuwa na kidonge hicho, nyingine vidonge vya kalsiamu, kwa sababu tezi ndogo zinazosimamia kalsiamu ya mwili zimeshikana na ile kubwa na mara nyingi hupata mshtuko wakati wa upasuaji. Juu ya bahasha zote mbili paliandikwa maneno yaleyale, moja mara moja, asubuhi. Hakuna aliyeeleza zaidi, nasi hatukuuliza. Basi kila asubuhi Mama mdogo akawa anaviweka vyote kiganjani na kuvisindikiza kwa chai ya maziwa.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia, wala hakuna kati yetu aliyeliona. Kalsiamu huikamata levothiroksini tumboni, na sehemu kubwa ya dawa hupita na choo bila kuingia kwenye damu. Maziwa nayo hufanya vivyo hivyo kwa kadiri yake. Hupunguza dawa hii pia vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma, dawa nyingi za kutuliza kiungulia, vyakula vya soya, na kahawa ikinywewa papo kwa papo. Baada ya miezi miwili akapimwa damu. Kipimo kinachotumika huitwa TSH, nacho huwachanganya wengi kwa sababu husomwa kinyume. TSH ni sauti ya msimamizi, tezi iliyo chini ya ubongo, inayoiamrisha thairoidi kufanya kazi. Homoni ikipungua mwilini, msimamizi hupaza sauti na namba hupanda. Homoni ikizidi, msimamizi hunyamaza na namba hushuka. Ya Mama mdogo ilikuwa juu. Daktari akampandisha kutoka mikrogramu 100 hadi 125, na baada ya kipimo kingine hadi 150. Miezi yote hiyo alikuwa mzito, akihisi baridi mchana wa jua, tumbo limejaa gesi, choo kigumu kinachomjia mara mbili kwa wiki. Mwishowe kipimo kikakaa sawa, tukamshukuru Mwenyezi Mungu.

Kisha akaambiwa kalsiamu sasa basi, hana haja nayo tena. Ilikuwa habari njema. Hakuna aliyefikiri kwamba siku ileile kizuizi kilikuwa kimeondolewa mlangoni, na kwamba mikrogramu 150 zilizokuwa zikipotea njiani sasa zingeingia mwilini mwa mtu mwenye uzito wa kilo 62. Aliyeondolewa tezi yote kwa kawaida huhitaji kiasi cha mikrogramu 1.6 kwa kila kilo. Fanyeni hesabu nanyi. Ni takriban 100.

Wiki chache baadaye mambo yakageuka. Moyo ukawa unamwenda mbio akiwa ameketi. Mikono ikatetemeka. Akawa anakwenda chooni mara nne au tano kwa siku, hali kila anachokula kinamchafua. Usiku aliamka jasho likimtoka, akitushika mikono na kutuambia kuwa anahisi jambo baya linakuja ingawa hajui ni jambo gani. Watoto wakaanza kuogopa kulala chumbani kwake.

Hapa lugha yetu yenyewe ilitupoteza. Neno wasiwasi kwetu lina nyumba mbili. Tunalitumia kwa minong’ono ya shetani inayomjia mtu katika sala yake, na tunalitumia pia kwa hofu ya mwili ambao damu yake inakimbizwa na homoni iliyozidi. Mgonjwa akisema ana wasiwasi, sikio letu huingia nyumba ya kwanza bila kubisha hodi katika ya pili. Tulimwita sheikh akamsomea, na hilo hatulijutii, kwani alitulia moyo kwa kisomo kile. La kujutia ni kwamba sheikh alipouliza mlangoni, “Na daktari anasemaje?” tulibaki kutazamana.

Waganga wa zamani katika nchi za Kiislamu hawakuwa wageni wa uhusiano kati ya shingo na sehemu nyingine za mwili. Ismail al-Jurjani, aliyeandika kitabu chake kikubwa cha tiba kwa Kiajemi mwanzoni mwa karne ya 12, aliliunganisha rovu na kutokeza kwa macho, karne nyingi kabla ya Robert Graves wa Dublin kuueleza ugonjwa huo mwaka 1835. Yeye alikuwa amemtazama mgonjwa mzima, kuanzia macho hadi shingo. Sisi tulitazama tumbo peke yake tukanunua dawa ya kiungulia, tukatazama hofu peke yake tukatafuta kisomo.

Ndipo Mama mdogo akaamua mwenyewe. Aliacha kumeza, bila kutuambia. Tuligundua baadaye sana, tulipokuwa tukihamisha kopo la mrehani kibarazani na kukuta vidonge vimefukiwa kwenye udongo. Katika siku kumi za mwanzo alipata nafuu ya kweli: moyo ulitulia, tumbo likafunga, akalala. Nafuu hiyo ilimthibitishia kwamba alikuwa akinyweshwa sumu. Lakini dawa hii hutoka mwilini taratibu, nusu yake kwa kiasi cha wiki moja, na kwa hiyo aliyezidiwa nayo akiacha hupita kwanza katika hali ya kawaida kabla ya kuporomoka upande wa pili. Kufikia wiki ya sita uso wake ulikuwa umevimba, sauti imekwaruza, naye anasinzia juu ya mkeka wa sala.

Safari hii tulimpeleka kliniki, na daktari kijana aliyemwona hakuanza na kipimo. Aliuliza: “Mama, kidonge hiki unakimeza na nini?” Alipoelezwa habari ya kalsiamu na ya chai, na ile dawa ya kiungulia tuliyomnunulia, akachukua karatasi akaandika tarehe zote kwa mpangilio, ya kila kidonge kilipoanza na kilipokoma. Aligundua tatizo lote pale mezani, damu ikiwa bado haijapimwa. Kisha akamrudisha kwenye mikrogramu 100, kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula chochote. Na kama ana haja ya kalsiamu, vidonge vya damu au dawa ya kiungulia, zipite saa nne kati yake. Akapangiwa kupima tena baada ya wiki sita hadi nane, kwa sababu kabla ya hapo namba bado inasafiri.

Tungependa kusema kwamba yote yakaisha hapo. Moyo na mikono vilitulia, ila kiungulia kilibaki, na alipopimwa akakutwa na bakteria wale wanaosababisha vidonda vya tumbo, ambao nao wanaweza kuipunguza levothiroksini inayoingia mwilini. Shangazi, basi, hakuwa amekosea kabisa. Alitibiwa, kisha akapimwa TSH upya, maana tumbo likipona dawa huweza kuingia zaidi. Na hofu pia haikuondoka siku moja na homoni. Mtu aliyeshtuliwa na moyo wake mwenyewe kwa miezi hubaki akiusikiliza. Muuguzi alimfundisha kuvuta pumzi taratibu na kuitoa kwa urefu zaidi, akamshauri apunguze kahawa. Yeye mwenyewe akaiunganisha pumzi hiyo na tasbihi yake.

Ramadhani ilipokaribia tuliuliza mapema. Tuliambiwa wengi wanaotumia levothiroksini na hali zao zimetulia huweza kufunga, na tatizo ni wapi pa kulipata tumbo tupu katika usiku uliojaa chakula. Wapo wanaokimeza kwa maji mara tu adhana ya magharibi inapolia, wakasali, kisha wakakaa nusu saa kabla ya futari. Wapo wanaosubiri saa tatu baada ya mlo wa mwisho wakakimeza wakilala. Mama mdogo aliamka kabla ya daku kwa kiasi cha saa nzima, akameza na kuendelea na sala ya usiku. Asiyeweza kufunga ana ruhusa yake katika Suratul Baqara, aya ya 185, wala hapaswi kuonewa haya na wanaomzunguka.

Mambo mawili hatuwezi kuyaacha, japo si ya mgonjwa wetu. Wapo ambao tezi yao inazidisha kazi nao hupewa kabimazoli. Dawa hiyo inaweza kuleta kichefuchefu na muwasho, lakini mwenye kuitumia akipata homa, maumivu ya koo au vidonda mdomoni asingoje hadi kesho. Aache kuimeza, aende hospitali siku hiyohiyo kupimwa chembe nyeupe za damu, kwa kuwa mara chache dawa hiyo huziangusha. La pili, wapo walioondolewa tezi kwa sababu ya saratani ambao madaktari huwapa kipimo cha juu kwa makusudi, kwa hiyo asichukue mtu hesabu yetu ya kilo akajipunguzia. Na mjamzito mwenye dawa yoyote kati ya hizi amwone daktari mara anapojua kuwa ana mimba: anayemeza levothiroksini kwa kawaida huhitaji zaidi, na kabimazoli huwa na hatari kwa mtoto katika miezi ya mwanzo.

Kopo la mrehani lingali kibarazani, nao umestawi kuliko wakati wowote, jambo ambalo Mama mdogo hulitania mbele ya wageni. Vidonge vyake sasa vinakaa kabatini, mbali na joto la jiko na unyevu wa pwani, na juu ya boksi mjukuu wake ameandika kwa kalamu nene: MAJI TU. Baada ya isha bado huweka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono na kuhesabu akitazama saa ya ukutani. Juzi alihesabu 74, akatuambia, kisha akaenda kulala.