Kilo mbili za mjini

Mlinzi wa geti la hosteli yetu ni mtu wa Kilombero. Alikuja Dar es Salaam akiwa mwembamba, na alipokwenda likizo nyumbani mama yake alifurahi kumwona na kitambi. Maana yake mji umempokea. Sisi wanafunzi tunamtania vilevile. Kitambi kile kimetoka wapi? Jibu letu la haraka, kwamba mtu wa kijijini akifika mjini anakuwa mvivu na mlafi, halina ukweli.

Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ambao uliandikisha watu 209 wa vijijini mkoani Morogoro waliokuwa wanajiandaa kuhamia Dar. Walipimwa kabla ya safari, kisha wakafuatiliwa mjini kwa miezi 12. Kwa wastani, wanaume kwa wanawake waliongezeka zaidi ya kilo mbili. Kabla ya kuhama, wanaume karibu 79 katika kila 100 walikuwa wakifanya shughuli nzito za kutoa jasho. Baada ya mwaka walibaki kama 26. Kwa wanawake idadi ilishuka kutoka kama 38 hadi 16.

Yaani jembe limebaki kijijini na mjini hakuna kilichochukua nafasi yake. Mlinzi anamaliza zamu ya saa 12 amechoka kweli, lakini ni uchovu wa kukaa na kukesha. Bodaboda anarudi getoni mgongo unamuuma, na tangu asubuhi hajatembea hata umbali wa kutoka maktaba hadi kantini. Ukimwambia mtu kama huyu afanye mazoezi atakucheka, na ana haki.

Msosi nao una hesabu zake. Kijijini maharage yanachemka jikoni nusu siku kwa kuni zilizookotwa, na mchicha uko nyuma ya nyumba. Mjini mtu amepanga chumba kimoja, mkaa ananunua kwa kopo, mafuta kwa kipimo. Kuchemsha maharage ya mtu mmoja kunamaliza mkaa wa siku mbili. Chipsi za pale kituoni ziko tayari kwa dakika kumi, zina chumvi na tomato, na zinashibisha hadi usiku wa manane. Kwa mwenye mshahara mdogo na muda mdogo, chipsi ni uamuzi wa akili kabisa. Hata wewe wakati bumu limekata unajua ninachosema.

Tatizo liko kwenye chumvi, na hapa wenzetu wa Kenya walitutangulia. Katika miaka ya 1980 watafiti waliwafuatilia Waluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalitoka 1990. Presha ya waliohama ilipanda mapema tu baada ya kufika mjini. Mkojo wao ulionyesha sababu mojawapo: chumvi imepanda ukilinganisha na potasiamu, madini tunayoyapata kwenye mboga za majani, maharage na ndizi. Chumvi ikizidi, mwili unashikilia maji, damu inaongezeka wingi, na mishipa inabanwa. Potasiamu ndiyo inayosaidia figo kuitoa chumvi hiyo. Kwa hiyo mhamiaji anapigwa pande mbili, kwa kile alichoongeza na kwa kile alichoacha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko cha chai hivi, na hiyo ni pamoja na iliyokwisha kuingia kwenye mkate, supu na kachumbari.

Lakini tusije tukageuza kijiji kuwa pepo. Wale wa Morogoro walipofika Dar walikula nyama nyekundu zaidi, ndiyo, ila na matunda na mboga pia viliongezeka, na baadhi ya vipimo vya mafuta kwenye damu vilikuwa bora kuliko awali. Mji una soko kila kona. Mwenye hela kidogo ya ziada na jiko la kupikia anaweza kula vizuri kuliko alivyokula kwao.

Presha yenyewe haiumi. Mtu anaweza kuishi na 160 kwa 100 miaka kadhaa huku akibeba ndoo na kucheka, mpaka siku anaanguka na upande mmoja wa mwili hausogei, na kijijini wanasema amerogwa. Kinachoweza kumwambia mapema ni kipimo cha dakika mbili: ikifika 140 kwa 90 au zaidi, kwa siku tofauti, amwone daktari.

Wiki ya afya ya muhula uliopita tulipimwa bure, vijana wa miaka 21, tukapiga na picha. Mlinzi wetu alikuwa amesimama hatua kumi kutoka kwenye meza. Nilimuuliza mbona hapimwi, akajibu: "Hiyo ni ya wanafunzi, mdogo wangu." Ameajiriwa na kampuni ya nje, kama wafagiaji na wapishi wengi hapa, na tangazo halikuwataja. Serikali yetu ya wanafunzi ndiyo iliyoandika tangazo lile. Safari ijayo meza moja iwekwe getini saa 12 jioni, zamu zinapobadilishana, na tangazo liwataje.