Upara wa Mapema: Dawa Zipo, Ila Wakati ni Mfupi

Mwanamume anayeona nywele zikirudi nyuma kwenye panja, au utosi ukianza kung'aa, aghalabu huanzia kwa kinyozi, kisha hujaribu mafuta ya madukani, na humfikia tabibu baada ya miaka kadhaa. Ucheleweshaji huo una gharama. Upara wa kurithi hauanzi kwa nywele kung'oka bali kwa vifuko vya nywele kusinyaa. Kila mzunguko wa ukuaji unapopita, kifuko hutoa unywele mwembamba na mfupi zaidi, hadi yabaki malaika tu. Dawa huweza kukinusuru kifuko kinachosinyaa; kilichokwisha kufifia ni nadra kurejea.

Kisababishi ni homoni iitwayo dihidrotestosteroni, ambayo mwili huitengeneza kutokana na testosteroni kwa msaada wa kimeng'enya maalumu. Mwaka 1974 watafiti walieleza kuhusu wanaume wa Jamhuri ya Dominika waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya hicho. Walipokua, tezi dume zao zilibaki ndogo, wala hawakuota upara.

Kabla ya dawa yoyote, mhudumu wa afya akichunguze kichwa vizuri. Magamba, viraka vya ghafla, usaha au makovu vinaashiria ugonjwa mwingine, pengine mapunye, unaohitaji tiba tofauti.

Minoksidili ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu, wagonjwa wakaota nywele pasipo kutarajiwa. Ya asilimia 5 hupakwa mililita 1 mara mbili kwa siku, kwenye ngozi kavu ya kichwa, si juu ya nywele. Wiki za mwanzo nywele huweza kupukutika zaidi, na hapo ndipo wengi huitupa chupa, ilhali ni dalili kwamba mzunguko mpya umeanza. Matokeo yasihukumiwe kabla ya miezi 4 hadi 6.

Finasteraidi ya miligramu 1 kwa siku huzuia kimeng'enya kilichotajwa. Kwa wanaume wengi husimamisha upotevu, na kwa baadhi hurejesha nywele kiasi. Wachache hupungukiwa na hamu au nguvu za kiume, wengine hupatwa na huzuni. Mhudumu aulize waziwazi, maana mgonjwa hataanza yeye. Dawa zote mbili zikiachwa, faida hupotea ndani ya miezi kadhaa. Upandikizaji huhamisha nywele tu, na kwa kijana ambaye upara wake bado unasonga ni haraka isiyo na maana. Kunyoa kichwa chote nako ni uamuzi halali, tena usio na madhara.

Mambo mawili husahaulika. Baadhi ya wanaume hununua vidonge vya miligramu 5 vya tezi dume na kuvikata nyumbani ili kuokoa fedha. Mjamzito asiguse vipande wala unga wake, kwani dawa hii inaweza kudhuru maumbile ya mtoto wa kiume tumboni. La pili, finasteraidi hushusha kipimo cha PSA kwa takribani nusu. Jibu la 2 kwa mtumiaji wa muda mrefu huenda likawa 4 kwa hakika, na saratani ya tezi dume ikapita bila kushukiwa. Kwa hiyo kila mwanamume anayepimwa PSA aulizwe kuhusu dawa za nywele, hata zile alizojinunulia mwenyewe.